Jiwe la Maimuna

Muuzaji alikuwa akitumbukiza malimau kwenye mfuko wa karatasi, mojamoja, huku akihesabu kwa sauti. Mimi nilikuwa nyuma ya mteja wake, nasubiri zamu yangu, koo limenikauka kwa funga.

*Sitta. Sebgħa.*

Nikainua uso.

Kabla sijajiuliza kama nimesikia vizuri, akafika kwenye nane, na hapo akasema *tmienja*, neno ambalo halikunigusa popote. Kisha *disgħa*. Hiyo għ yao haisikiki, kwa hiyo masikioni mwangu ikaingia kama "disa". Tisa! Mfuko ukafungwa, mteja akalipa, zamu yangu ikafika, nami nikawa nimesahau nilichokuja kununua.

Hapo ni Victoria, mji mkuu wa Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ya Malta. Ilikuwa Machi, ndani ya Ramadhani. Nimesharudi Ujerumani, wiki ya saba hii, na kila nikitaka kuandika juu ya safari ile kwa mtindo wa "nenda hapa, usikose pale", mkono unagoma.

Basi leo naandika kama ilivyonijia.

## Orodha niliyokwenda nayo

Orodha nilikuwa nayo, tena nzuri. Malta yote ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inaizidi zaidi ya mara tano. Lakini kila ukigeuka kuna kitu kilichosimama kabla ya babu wa babu zako.

Nilianzia Valletta. Mji huo uliwekewa jiwe la msingi tarehe 28 Machi 1566, mwaka mmoja baada ya mashujaa wa Mtakatifu Yohane, shirika la wapiganaji Wakatoliki waliokuwa wakitawala kisiwa, kuhimili mzingiro wa Waturuki. Mitaa yake imenyooka kama iliyopigwa kamba, na mingi inashuka hadi unaona bahari mwisho wake. Juu ya kichwa chako zimening'inia roshani za mbao zilizofungwa pande zote, za kijani, nyekundu, buluu, mtu akae ndani aone njia bila yeye kuonekana. Aliyepata kutembea Mji wa Kale Mombasa atazitazama kwa muda mrefu kuliko wenzake.

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane kwa nje ni la kawaida, unaweza kulipita. Ndani sakafu nzima ni makaburi. Mawe ya marumaru ya rangi, karibu 400, kila moja lina jina la shujaa wa ule utawala, ngao ya ukoo wake, na mara nyingi fuvu au kiunzi cha mifupa kinachokukodolea macho. Unatembea juu yao, hakuna njia nyingine. Kwenye chumba cha pembeni kuna mchoro wa Mwitaliano Caravaggio wa mwaka 1608, Yohane Mbatizaji akichinjwa. Ndio mchoro pekee aliowahi kuutia saini, na saini yenyewe ameiandika kwa ile damu inayomwagika shingoni. Mwaka huohuo, humohumo ndani, alivuliwa cheo cha ushujaa alichopewa na watawala wale, akafukuzwa.

Nilitaka sana kushuka Ħal Saflieni, makaburi ya chini ya ardhi yaliyochongwa mwambani zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, yakagunduliwa mwaka 1902 mafundi walipokuwa wakijenga nyumba. Inakadiriwa watu 7,000 walizikwa mle. Lakini wanaingiza watu kumi tu kwa zamu, pumzi za wageni zisiharibu michoro ya ukutani, nami nilikumbuka tiketi siku nne kabla ya safari. Unayekwenda, kata tiketi yako wiki nyingi mapema. Mimi niliambulia kile kisanamu kilichotoka humo, mwanamke mnene aliyelala ubavu, mkono chini ya kichwa, urefu wake sentimita kumi na mbili hivi. Kimewekwa chumba cha giza peke yake katika jumba la makumbusho la Valletta. Nilikaa naye. Amelala vizuri sana.

Na Għar Dalam! Pango hili sikulitarajia linishike. Ndani yake kumefukuliwa mifupa ya tembo na viboko waliokuwa wadogo, wadogo kweli, kwa sababu mnyama mkubwa akikwama kisiwani penye chakula haba, vizazi kwa vizazi mwili wake husinyaa. Mimi ninayetoka nchi ambayo kiboko akitoka majini watu wanakimbia, nilisimama mbele ya meno ya kiboko wa Malta nikahisi huruma ambayo sijui niielezeje.

Siku tatu zikapita hivyo. Mawe, mifupa, makaburi. Vyote nilivipiga picha.

Kisha nikavuka kwenda Gozo, dakika 25 za feri, nikakutana na malimau.

## Kila kibao kikawa kinasema

Baada ya pale sokoni masikio yangu hayakutulia tena. Uwanja wa ndege nilipita chini ya neno *Merħba* bila kulijali, sasa likanirudia: marahaba. Bahari ni *baħar*. Dunia ni *dinja*. Roho ni *ruħ*, mauti ni *mewt*, nusu ni *nofs*. Mia ni *mija* na elfu ni *elf*. Kuna ufukwe uitwao Għajn Tuffieħa, chemchemi ya tufaha. Alhamisi ni *il-Ħamis*, Ijumaa *il-Ġimgħa*. X wanaisoma sh, ġ wanaisoma j, basi ukishajua hilo vibao vyote vya njiani vinakuwa kama watu unaowafahamu kwa mbali.

Kilichonisimamisha zaidi ni kanisani. Wamalta wengi ni Wakatoliki, na Ukristo wao wanauhesabu tangu merikebu ya Mtume Paulo ilipovunjika kwao, habari iliyomo katika Matendo ya Mitume. Kanisa wanaliita *knisja*. Kasisi ni *qassis*. Askofu ni *isqof*. Mungu wanayemwomba mle ndani, mbele ya mishumaa na sanamu, wanamwita *Alla*. Pasaka ni *l-Għid il-Kbir*, yaani Idi Kubwa. Na Kwaresima, ambayo nilikuta wako ndani yake, ni *ir-Randan*.

Ramadhani.

Nilisoma neno hilo kwenye dirisha la duka la mikate, limeandikwa juu ya biskuti za lozi wanazozioka msimu huo, nami tumbo tupu, saa tisa alasiri. Wao wamefunga kwa jina la mfungo wangu.

## Nilichokisema mezani

Mwenye nyumba nilikofikia alikuwa mama wa makamo ya mama yangu. Aliposikia nimefunga, hakuniuliza maswali. Jioni aliniwekea mezani mkate, nyanya, samaki jodari, mafuta ya zeituni na *ġbejniet*, vijibini vya mviringo vya maziwa ya kondoo, umbo la kisahani cha kahawa. Mimi nikatoa tende zangu, akachukua mbili. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo, nikaanza kumhesabia maneno: hili kwetu ni hivi, lile kwetu ni vile. Alicheka, akataja mengine.

Halafu nikasema, "Kumbe lugha yenu ni Kiarabu tu."

Akaweka kisu chini.

"Ni Kimalta," akasema. Si kwa ukali. Afadhali angekasirika.

Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu sentensi ile naijua. Naijua kutoka upande wa pili wa meza. Mara ngapi nimeketi na watu hapa Ujerumani, watu wema tu, akaja mmoja na kusema Kiswahili si ni Kiarabu cha Afrika, si ni mchanganyiko? Na mara ngapi nimehisi kitu kinajikunja kifuani, nikaanza kueleza habari za ngeli, za mtu na watu, kiti na viti, kwamba mifupa ya lugha hii ni ya Kibantu na hakuna Mwarabu aliyetuletea. Nane yetu ni ya kwetu. Hata sita, saba na tisa tulipozipokea tulizivisha nguo zetu.

Hawa hadithi yao ni yetu iliyogeuzwa kichwa chini. Kimalta mifupa yake ndiyo ya Kiarabu, ilibaki tangu Waislamu walipokitwaa kisiwa mwaka 870, na nyama ndiyo ya Kiitaliano na Kisisilia. Sisi maneno yalitufikia na pepo za kaskazi, kwa biashara na ndoa na madrasa. Wao yaliwafikia kwa vita, wakatawaliwa, dini ikabadilika, watawala wakabadilika mara nyingi, na lugha ikakataa kuondoka. Mpaka mwaka 1934 ndipo ikafanywa lugha rasmi. Mahakama zao zilikuwa zikihukumu kwa Kiitaliano watu waliokuwa wakilia kwa Kimalta.

Na mimi, kwa tende mbili na furaha, nikaifuta yote kwa neno "tu".

Asubuhi nilimwomba radhi. Nilimweleza sababu, nikamwambia kwamba hata yangu huambiwa hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanionyesha kwa kidole ngome iliyo juu ya mji, Cittadella, akasema kama napenda maneno ya zamani niende kwenye makumbusho ya akiolojia ya mle ndani, nimuulizie Majmuna.

Nikamwomba arudie jina.

Akarudia.

Bibi yangu mzaa mama aliitwa Maimuna.

## Alhamisi, 16 Shaaban

Cittadella ni ngome ndogo, unaizunguka yote bila kuchoka. Ukiwa juu ya kuta zake unaona Gozo nzima, mashamba, makuba ya makanisa, bahari pande zote. Mwaka 1551 Waturuki waliiteka wakawachukua watu wapatao elfu tano utumwani, karibu kisiwa chote kikabaki kitupu. Na hadi mwaka 1637 sheria iliwataka watu wa Gozo walale ndani ya kuta hizi kila usiku, kwa hofu ya mashua za maharamia. Mtu wa pwani yetu akisoma hayo anakaa kimya, maana habari za watu kuchukuliwa na mashua anazo za kwao.

Jiwe lilikuwa chumba cha ndani.

Ni bapa la marumaru. Nyuma yake kuna nakshi za Kirumi, ina maana fundi alilikuta likiwa tayari limeshatumika karne nyingi, akaligeuza. Mbele limejaa mwandiko wa Kikufi, ule wa Kiarabu wa kale, herufi zilizoinuka, safu kwa safu, zimebanana. Huo mwandiko niliwahi kuuona mara moja maishani, kwenye kibla ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, ulioandikwa mwaka 500 Hijria, ndio 1107. Jiwe la Gozo ni dogo kwa ule kwa miaka 67. Bahari mbili tofauti, mkono kama wa mwalimu mmoja.

Kusoma Kikufi sijui. Tafsiri ipo pembeni. Inasema hili ni kaburi la Maimuna binti Hassan bin Ali al-Hudhali, aliyejulikana kwa jina la Ibn as-Susi. Maimuna alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 16 Shaaban mwaka 569, akishuhudia kwamba hapana mungu ila Mungu mmoja asiye na mshirika. Kwa hesabu ya Kizungu ni 21 Machi 1174. Wakati huo Wanormani Wakristo walikuwa wameshaivamia Malta miaka zaidi ya themanini nyuma, na bado Waislamu walikuwepo, wakizika binti zao na kuwaandikia mashairi.

Maana chini ya hapo ni yeye mwenyewe anayesema. Anakutaka uangalie huku na huku: kuna kinachobaki duniani? kuna kinachozuia mauti? Anasema mauti yamempora umri wake mfupi, uchamungu wake haukumkinga. Anasema alikuwa mchapakazi katika kazi yake, na alichokitenda kimehesabiwa. Anakwambia wewe unayelitazama kaburi, vumbi limefunika kope zake na pembe za macho yake.

Nilijikuta natamka salamu ya makaburini. *Assalamu alaikum, enyi watu wa...* Nikakatika njiani.

Hapakuwa na kaburi.

Kuna jiwe, kuna ukuta, kuna taa. Maimuna mwenyewe hayupo. Jiwe lilipita mikono mingi kabla ya kufika makumbusho, na mahali alipolazwa hapajulikani kwa hakika. Nilisimama pale na nusu ya salamu mdomoni, sijui niimalizie nani. Mlinzi alipita mara mbili. Mara ya tatu akaniuliza kama niko salama.

Nilikuwa namfikiria bibi. Bibi Maimuna amezikwa Tanga, na kaburi lake halina jiwe. Lilikuwa na vibao viwili vya mti, kichwani na miguuni, na mkwaju kwa karibu. Hatuandiki makaburi yetu katika familia, babu alikuwa mkali sana kwa hilo, aliona ni majivuno. Sikuwahi kubishana naye hata moyoni. Kule Tongoni, mwendo mfupi kusini ya mji wetu, wazee wetu wa karne za nyuma walijenga makaburi ya nguzo, wakapachika mabakuli ya kaure kutoka nchi za mbali, uzuri wa ajabu, na majina hawakuacha. Nguzo imesimama na hujui ni ya nani.

Huyu wa Gozo ana jina, ana baba, ana babu, ana siku na mwezi. Kaburi hana. Wa kwetu ana kaburi.

Au alikuwa nalo. Nilipojaribu kukumbuka kule uliko ule mkwaju, sikuweza.

## Dirisha

Mchana nilipanda basi kwenda Dwejra kwa sababu lilikuwa kwenye orodha na sikujua la kufanya na mwili wangu.

Wengi mnalijua lile tao kubwa la jiwe baharini lililokuwa kwenye kila kalenda ya Malta, Dirisha la Buluu. Lilianguka asubuhi ya tarehe 8 Machi 2017, katika dhoruba. Halikubaki hata kisiki juu ya maji. Watu bado wanakwenda. Mabasi yanashusha, watu wanatelemka hadi ukingoni mwa miamba na kupiga picha pale ambapo halipo.

Nilidhani nitaona ni upuuzi. Niliketi nao. Bahari ilikuwa nyeusi-buluu na mawimbi yakipiga mahali palipokuwa na nguzo. Karibu na hapo kuna mwamba mmoja mkubwa uliojitenga, ambao wale mashujaa wa Valletta waliulinda kwa askari kwa ajili ya mmea wa rangi ya damu uotao juu yake, wakiamini ni dawa. Baba mmoja alikuwa akimwonyesha mtoto wake kwa mkono: lilianzia hapa, likapita juu hivi, likashuka kule. Mtoto alifuata kidole angani, na usoni ungedhani analiona.

Niliangalia huku na huku, kama nilivyoagizwa.

Kuna ambao watasema nimefanya safari ya kuomboleza badala ya kutembea, na kwamba Gozo ina mengi ya furaha. Ni kweli. Kesho yake nilikwenda Ġgantija, hekalu la mawe la kabla ya piramidi za Giza kwa miaka elfu moja hivi, ambalo wenyeji wanasimulia lilijengwa na jitu la kike lililokula maharagwe na asali huku limebeba mtoto. Jumapili nilikuwa Marsaxlokk kwenye mnada wa samaki, nikaona mashua za *luzzu* za manjano na buluu, kila moja na macho mawili kwenye omo, kama majahazi ya Lamu yanavyochongewa macho yasipotee njia. Nilifurahi mno. Nilihesabiwa chenji nikaitikia kwa Kiswahili, muuzaji akafika *sebgħa* tukasema pamoja.

Lakini swali la mkwaju nililirudisha nalo Ujerumani.

## Simu ya Tanga

Sikuuliza mara moja. Wiki ya kwanza nilijiambia ni uchovu. Wiki ya tatu niliogopa jibu. Na kulikuwa na aibu nyingine: nimekaa nje miaka kumi na moja, katika likizo zote nilizorudi sijakwenda makaburini zaidi ya mara mbili, kisha nakuja kulilia jiwe la mtu baki. Nani kanipa haki ya kudai kibao leo?

Alhamisi iliyopita nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Funga za sita umemaliza?"

Nikamwambia nimemaliza. Nikamuuliza kaburi la bibi liko wapi hasa.

Akanyamaza. Mkwaju ulikatwa, akasema, zamani, wakati wa kupanua ile njia. Vibao vilioza. Mjomba ndiye aliyekuwa akipajua kwa hatua, kutoka kwenye ukuta, na mjomba mwenyewe sasa yuko hukohuko. "Yumo mle," akasema mama. "Ukisimama mlangoni ukasalimia, anaitikia."

Nikamwambia habari za Maimuna. Nilidhani nitamaliza kwa dakika mbili, nikachukua ishirini: malimau, yule mama na kisu chake, Kikufi, Shaaban. Mama hakunikatiza. Nilipofika pale jiwe linaposema alikuwa mchapakazi, akaguna, "Kama wetu."

Kwa nyuma nilisikia viti vinasogezwa. Kwetu kila Alhamisi baada ya magharibi husomwa Yasini, na kabla ya dua mama hufungua daftari lake, lile la jalada gumu alilorithi kwa bibi, akasoma majina ya marehemu wetu mmojammoja, toka wale ambao hakuna aliye hai aliyepata kuwaona. Jina la kwanza limeandikwa kwa mkono wa bibi. La kwake mwenyewe liko ukurasa wa nne.

"Umesema binti nani?" mama akauliza.

"Hassan."

"Hassan bin?"

"Ali. Maimuna binti Hassan bin Ali."

"Ngoja," akasema, "nitafute kalamu."